Kulinganisha jeni kati ya seli za kifuko cha unywele: njia nne, na ipi ikufae

Ng'oa unywele mmoja kichwani kwako uutazame mbele ya dirisha. Ukibahatika, kwenye mzizi utaona kigozi cheupe, laini, kilichoushika unywele kama soksi. Hicho ni kipande cha ala, zile tabaka za seli zinazouzunguka unywele ndani ya ngozi. Papila haimo. Kile kifundo kidogo cha seli kilicho chini kabisa, kinachotoa amri ya unywele kuota, kimebaki kichwani. Kwa hiyo kabla hujagusa mashine yoyote, mkono wako umeshaamua seli zipi utazisoma na zipi hutazisoma kamwe.

Nimeanza hapo kwa makusudi. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaoingia kwenye utafiti wa nywele huniuliza swali moja kuliko yote: nitumie njia gani kulinganisha jeni zinazofanya kazi kwenye seli hii na zile za seli ile? Wengi wameshasoma makala za seli mojamoja na wanaona kila kitu kingine kimepitwa na wakati. Wengine wana fedha za mirija kumi na miwili tu na wanaona aibu kusema. Jibu langu ni lilelile kwa wote: kila njia huacha seli fulani nyuma, kama unywele ulivyoiacha papila. Tafuta njia ambayo seli inazoziacha si zile unazozihitaji.

Wakazi wa kifuko

Papila inatokana na dermisi, tabaka la chini la ngozi. Kuizunguka kuna matriksi, seli zinazogawanyika kwa kasi na kuzaa unywele wenyewe pamoja na ala ya ndani. Ala ya nje inapanda kutoka chini hadi kuungana na epidermisi, tabaka la juu la ngozi. Njiani, karibu na pale kimsuli kinachosimamisha vinyweleo kinapojishikiza, pana kivimbe, makao ya seli shina. George Cotsarelis na wenzake waliwaonyesha wanasayansi hilo mwaka 1990 kwa kutumia panya, walipoona kwamba seli zinazogawanyika polepole zimekaa hapo. Ongeza melanositi zinazotia rangi, ala ya dermisi kwa nje, seli za kinga, mishipa ya damu na neva. Yote hayo kwenye kitu kinachoingia ndani ya tundu la sindano nene.

Seli hizi zote zina DNA ileile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinanakiliwa kuwa RNA, na kwa wingi gani. Hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Vigezo

Nitazipima njia nne kwa mambo yaleyale: swali inalojibu, sampuli inayodai, kina, yaani uwezo wa kuona jeni zenye nakala chache, inachoacha au kupotosha, mfuko na vifaa, na mtu inayemfaa.

Mambo mawili yanazihusu zote, na ukiyakosea hakuna mashine itakayokuokoa.

La kwanza ni mzunguko wa unywele. Kifuko hukua (anajeni), husinyaa (katajeni), hupumzika (telojeni), kisha huanza upya. Kwa panya, vifuko vya mgongoni huenda pamoja kwenye mizunguko miwili ya kwanza: telojeni ya kwanza huangukia karibu siku ya 19 hadi 21 baada ya kuzaliwa, na ya pili huanza kama wiki ya saba. Ukichagua umri wa panya umechagua na hatua ya mzunguko. Binadamu hatuko hivyo. Kila kifuko kichwani kina saa yake. Kati ya vifuko 100, vipatavyo 85 hadi 90 vinakua na vilivyobaki vinapumzika au vinasinyaa. Basi kila kifuko cha mtu kitazamwe chini ya hadubini na hatua yake iandikwe kabla hakijaingia kwenye mrija. Ukilinganisha papila ya kifuko kinachokua na ala ya nje ya kifuko kinachopumzika, umelinganisha mambo mawili kwa wakati mmoja na hutajua tofauti imetoka wapi.

La pili ni idadi. Seli 5,000 kutoka kwa mtu mmoja ni mtu mmoja. Wanaohesabiwa kwenye takwimu ni watu au wanyama, na chini ya watatu hesabu yoyote inayumba. Uzuri ni kwamba papila na ala ya nje zinaweza kutoka kwa mnyama mmoja, kwa hiyo linganisha kwa jozi, ndani ya mnyama yuleyule. Tofauti za umri, lishe na siku ya kazi zinajifuta zenyewe. Nashangaa ni tasnifu ngapi zinaiacha faida hii ya bure mezani.

Kabla ya kutumia hata shilingi

Tazama kwanza kama jibu limeshapatikana. Maabara ya Michael Rendl, Mount Sinai, New York, iliweka wazi kwenye intaneti hazina iitwayo Hair-GEL: unaandika jina la jeni, unapata kiasi cha RNA yake kwenye aina mbalimbali za seli za ngozi ya panya, za kiinitete cha siku 14.5 na za panya wa siku 5. Nyuma yake kuna makala mbili, ya 2015 na ya 2016. Data ghafi za tafiti nyingi nyingine zimo kwenye hifadhi ya GEO, na jukwaa la Galaxy litakuruhusu kuzichanganua bure hata kama kompyuta yako haina nguvu.

Ila angalia mtego huu. Kwa panya, CD34, protini ya juu ya seli, ni alama maarufu ya seli shina za kivimbe. Kwa binadamu, seli za kivimbe hazina CD34. Inayoonekana humo ni CD200, na CD34 iko kwenye ala ya nje, chini ya kivimbe. Mtu akichukua orodha ya panya akaibandika juu ya ngozi ya binadamu, atachuja seli zisizo zenyewe kwa uangalifu mkubwa. Hazina ya panya hukupa dhana ya kuanzia. Kwa mtu, thibitisha kwa mtu.

Njia ya kwanza: kuchambua seli kwa rangi, kisha kusoma RNA ya kundi

Unazitenganisha seli za ngozi kwa vimeng'enya, unazipaka kingamwili zenye rangi zinazong'aa au unatumia panya ambaye seli zake zinang'aa zenyewe, kisha mashine inazichambua moja baada ya nyingine kama mtu anayechambua mchele. Kila kundi linaingia mrija wake na RNA yake yote inasomwa pamoja.

*Swali inalojibu.* Seli za aina A na B nazijua. Jeni zipi zinazitofautisha? Mfano wa kusoma ni kazi ya Rendl, Lewis na Fuchs ya 2005. Walitumia panya wa siku 4 ambao rangi mbili, nyekundu na kijani, zilikuwa zimepandikizwa kwenye jeni zao, wakapata makundi matano kutoka ngozi moja: papila, matriksi, ala ya nje, melanositi na seli za dermisi. Wakati huo walitumia chipu za jeni. Leo tungesoma mfuatano wa RNA. Mpango wenyewe haujazeeka.

*Sampuli.* Ngozi mbichi, ya siku ileile. Seli moja ina RNA ya kama pikogramu 10, kwa hiyo seli 10,000 zingekupa nanogramu 100 kama hakuna kitakachopotea, na kitapotea. Kwa panya hilo halina shida. Kwa mtu aliyekupa vipande vitatu vya ngozi vya milimita 4, papila zake zote pamoja hazitafika huko, na itabidi utumie vifaa vya RNA kidogo.

*Kina.* Hapa njia hii haina haya. Kwa kusoma vipande milioni 20 hadi 30 kwa kila sampuli, utaziona hata zile jeni za amri, vipokezi na ishara za Wnt (familia ya protini ambazo seli hutumiana) ambazo kila seli ina nakala chache tu. Ukiwa na maswali ya nani anamtumia nani ishara kati ya papila na matriksi, kina hiki ndicho unachokilipia.

*Inachoacha au kupotosha.* Kundi ni lile ulilolitaja kabla. Kama ndani ya "ala ya nje" yako kuna aina mbili za seli, utapata wastani wa zote mbili na hakuna kitakachokuonya. Pia tripsini, kimoja cha vile vimeng'enya, inakata protini za juu ya seli, na zile kingamwili zinashikilia protini hizohizo. Ukizidisha dakika, alama yako imeliwa. Joto la kimeng'enya nalo huzishtua seli, na jeni za haraka kama Fos, Jun na Egr1 huwaka wakati seli ziko mikononi mwako. Ukiziona juu kabisa kwenye orodha yako, usikimbilie kuandika kuhusu msongo wa papila. Mwisho, pima uchafu: kwenye sampuli ya papila tafuta Krt5 na Krt14, jeni za epidermisi, na Ptprc, ya seli za kinga. Zikiwa nyingi, mashine haikuchambua vizuri.

*Mfuko na vifaa.* Mashine ya kuchambua seli ni ghali na inahitaji fundi anayeijua. Kusoma RNA yenyewe kumekuwa nafuu, na sampuli zinaweza kusafirishwa zikiwa RNA iliyokaushwa au kwenye barafu kavu. Hesabu na umeme: wikiendi moja friza imezima, na miezi mitatu ya kazi niliyoifahamu kwa karibu ikageuka maji.

*Anayefaa.* Mwenye aina mbili hadi tano za seli anazoweza kuzitambua kwa alama zinazoaminika, na mwenye panya au ngozi ya kutosha.

Njia ya pili: seli mojamoja

Badala ya kuchambua kwanza, unaziweka seli zote, kila moja ndani ya tone lake dogo, tone lina alama yake, na kila RNA inayosomwa inabeba alama ya tone ilikotoka. Makundi unayatafuta baadaye, kwenye kompyuta. Ni kama sensa iliyowaita watu wote uwanjani: utajua ni wangapi, wa umri gani na wanafanya kazi gani, hata wale ambao mjumbe hakuwahi kuwaandika. Hutajua nani anakaa nyumba ipi.

*Swali inalojibu.* Kuna aina gani za seli hapa? Je, ile niliyodhani ni moja ni moja kweli? Mwaka 2016 watafiti wa Stockholm walisoma seli 1,422 za epidermisi ya panya pamoja na vifuko vyake, wakaonyesha kwamba tofauti za seli hizo zinafuata mambo makubwa mawili: seli imekomaa kiasi gani, na iko wapi kwenye kifuko. Hilo usingelipata kwa kuchambua kwa alama ulizozijua tangu mwanzo.

*Sampuli.* Mbichi na hai, kwa njia ya kawaida. Kama ngozi imeshagandishwa, au hospitali iko mbali na maabara, soma viini vya seli badala ya seli nzima. Viini hutoka salama kwenye nyama iliyogandishwa. Seli chache zinatosha kuliko njia ya kwanza, na hilo ndilo linaloifanya ipendwe na wanaofanya kazi na biopsi ndogo, yaani vipande vya ngozi vilivyokatwa kwa uchunguzi.

*Kina.* Finyu. Kwa kila seli unashika sehemu tu ya RNA iliyomo, kwa hiyo jeni yenye nakala tatu inaweza kusomeka sifuri. Sifuri hiyo haimaanishi kwamba jeni imezimwa. Tena mbinu nyingi za matone husoma ncha moja ya RNA, kwa hiyo usiziulize kuhusu namna jeni ilivyokatwa na kuunganishwa. Kwa hilo iko Smart-seq2, inayosoma urefu wote kwa seli chache zaidi.

*Inachoacha au kupotosha.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Seli za ala ya ndani na za unywele unaokomaa zimejaa keratini, protini ngumu ya unywele, na protini nyingine zilizofungamanishwa. Hazitengani kwa urahisi, nyingi zinapasuka au zinabaki mabongemabonge ambayo chujio linayazuia. Matokeo yake picha imejaa seli laini, ala ya nje, epidermisi, fibroblasti (seli za dermisi zinazotengeneza nyuzi zake), seli za kinga, na tabaka ngumu hazipo au zipo kidogo. Mtu akitazama asilimia za makundi na kusema ala ya ndani ni ndogo kwa wagonjwa wake, huenda amepima ugumu wa seli. Seli zilizopasuka nazo humwaga RNA yake kwenye maji, na kila tone linameza kidogo. Ndiyo maana fibroblasti zako zinaonekana kana kwamba zina keratini. Kuna na matone yenye seli mbili: ukikusanya seli 10,000 kwa mkupuo, kwa mashine zilizozoeleka kama 8 katika kila 100 huwa seli mbili zilizoingia tone moja, na pacha wa papila na matriksi anafanana sana na "aina mpya ya seli". Programu za kuondoa RNA iliyomwagika na za kutambua pacha zipo, zitumie. Ile shida ya Fos na Jun ipo hapa pia, pengine kubwa zaidi. Kufanya kazi kwenye ubaridi kunasaidia.

*Mfuko na vifaa.* Ghali kwa kila sampuli, na hapo ndipo kishawishi cha kupima watu wawili tu kinapoingia. Uchanganuzi kwa programu za Seurat au Scanpy ni bure, ila unadai kompyuta yenye kumbukumbu kubwa na miezi ya kujifunza. Ukifika kulinganisha, jumlisha seli za kundi moja ndani ya kila mtu, kisha linganisha watu. Ukiichukulia kila seli kama shahidi anayejitegemea, utapata mamia ya jeni "muhimu" ambazo hazipo.

*Anayefaa.* Asiyejua bado kuna seli gani, anayefuatilia ugonjwa unaoingiza seli za kinga zisizotarajiwa, au mwenye ngozi kidogo mno kuchambua.

Njia ya tatu: kukata kwa leza

Kipande chembamba cha ngozi iliyogandishwa kinawekwa chini ya hadubini, na mwale wa leza unakata sehemu uliyoichora. Unakusanya papila za vifuko kadhaa, au kivimbe, au tabaka moja.

*Swali inalojibu.* Jeni zipi ziko kwenye sehemu hii ninayoiona kwa macho? Mwaka 2006 Ohyama na wenzake waliitumia kwa kivimbe cha binadamu, ambacho, tofauti na cha panya, hakitokezi wazi. Walitafuta kwanza mahali penye seli shina, wakakata sehemu hiyo kwa leza, na kutoka hapo ikaja ile CD200 niliyoitaja.

*Sampuli.* Iliyogandishwa inakubalika, na hilo ni nafuu kubwa. Vipande vingi vinahitajika ili RNA itoshe.

*Kina.* Kizuri kiasi, kama RNA haikuoza. Hapo ndipo pagumu: kila dakika ya kupaka rangi na kukata ni dakika ya RNA kuvunjika.

*Inachoacha au kupotosha.* Haivunji tishu, kwa hiyo tabaka ngumu zinabaki, na seli hazishtuliwi na vimeng'enya. Ila mpaka wako ni mstari wa leza. Majirani wanaingia, na seli mbili zilizochangamana kama melanositi ndani ya matriksi hazitenganishiki.

*Mfuko na vifaa.* Mashine ni moja, gharama za kila siku ni ndogo. Kinacholiwa ni muda na macho yako.

*Anayefaa.* Mwenye swali la sehemu moja au mbili, mwenye sampuli za friza, na mwenye subira.

Njia ya nne: kusoma RNA mahali pake

Kipande cha ngozi kinalazwa juu ya kioo chenye madoa yenye anwani, RNA inashuka kwenye doa lililo chini yake, na ukisoma unajua ilikotoka. Tawi lingine halisomi mfuatano: linapiga picha RNA za jeni mamia au maelfu ulizozichagua, hadi ndani ya seli.

*Swali inalojibu.* Wapi? Nani yuko jirani na nani?

*Sampuli.* Iliyogandishwa au iliyohifadhiwa kwenye nta, kutegemea kifaa. Kwa wenye kumbukumbu za patholojia za miaka mingi, mlango huu ni mpana.

*Kina.* Kwa madoa, unaona jeni zote kwa kina cha wastani. Kwa picha, unaziona vizuri jeni ulizozitaja na hakuna nyingine.

*Inachoacha au kupotosha.* Doa la Visium ya kwanza, mojawapo ya vifaa vya madoa, lina upana wa mikromita 55, na kutoka kitovu cha doa hadi cha jirani yake ni mikromita 100. Kwenye kifuko, doa moja linaweza kushika ala ya nje, ala ya ndani na kipande cha unywele kwa pamoja, na mwanya kati ya madoa ukameza vilivyobaki. Matoleo mapya yana madoa madogo mno, ila kila doa linapata RNA chache. Kuna na umbo. Kifuko cha nywele zilizojisokota, kama zetu wengi, kimejipinda ndani ya ngozi. Kisu kikipita kinakipata hapa na kukipoteza pale. Ukitaka kifuko kizima itabidi ukate vipande mfululizo, na hilo liingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Tatizo hili linaigusa leza pia.

*Mfuko na vifaa.* Kwa sasa ndiyo ghali kuliko zote kwa kila kipande.

*Anayefaa.* Mwenye swali la ujirani, na mwenye seli ambazo haziwezi kutenganishwa zikiwa salama.

Jeni moja kwenye njia zote nne

Chukua PADI3. Mwaka 2019 watafiti waliripoti mabadiliko ya jeni hii kwa sehemu ya wanawake wenye asili ya Afrika wanaougua CCCA, upara unaoanzia utosini na kuacha kovu, ugonjwa ambao kliniki zetu zinauona na ambao umechelewa sana kupewa uzito unaostahili. Kimeng'enya chake kinaibadilisha trikohialini, protini inayoipa ala ya ndani uimara. Sasa uliza: nitaiona PADI3 wapi?

Kwa seli mojamoja, kwenye tabaka zilezile zinazopasuka na kuzuiwa na chujio. Ukipata chache, hutajua kama ni ugonjwa au ni utengenezaji wa sampuli. Kwa kuchambua kwa rangi, unahitaji alama ya juu ya seli inayotambua ala ya ndani, na seli zinazokubali kutengana. Pande zote mbili unapata tabu. Kwa leza, unakata ala ya ndani moja kwa moja kwenye biopsi iliyogandishwa, ingawa kifuko kilichopinda kitakutoa jasho. Kwa kusoma mahali pake, picha ya jeni chache ikiwemo PADI3 na TCHH, jeni ya trikohialini, ingekuonyesha tabaka lenyewe. Ila swali likigeuka kuwa "seli gani za kinga zimekizingira kifuko kabla ya kovu?", seli mojamoja inarudi mbele na leza inarudi nyuma. Ugonjwa uleule, ngozi ileile.

Pale hesabu inapodanganya

Programu za kulinganisha jeni kama DESeq2 na edgeR zinakadiria kwamba jeni nyingi hazitofautiani kati ya sampuli, kisha zinasawazisha zote kwa dhana hiyo. Ukilinganisha mgonjwa na mzima kwenye seli ya aina moja, dhana inasimama. Ukilinganisha fibroblasti na seli ya unywele unaokomaa, inayumba: seli hiyo ya unywele imejaza RNA ya keratini chache, na jeni nyingine zote zinaonekana zimeshuka kwa sababu tu nafasi imeliwa. Chora mgawanyo wa kila sampuli kabla ya kuamini orodha, na uone jeni 20 za kwanza zinachukua sehemu gani ya jumla. Hatari hiyohiyo iko kwenye PCR, kipimo cha jeni chache ulizozichagua: jeni uliyoizoea ya kulinganishia, kama GAPDH au ACTB, inaweza kutofautiana kati ya papila na ala ya nje. Jaribu tatu au nne, uchague zilizotulia.

Na njia yoyote utakayoichagua, rudi kwenye kipande cha ngozi uzitazame jeni zako tatu au nne bora kwa kingamwili au kwa kipimo cha RNA chini ya hadubini.

Kulingana na hali yako

Una jeni kumi unazozishuku na mfuko mwepesi: anza Hair-GEL na GEO, kisha PCR ya wakati halisi kwenye sehemu ulizozitenganisha. Mashine hizo zilienea wakati wa UVIKO-19 na nyingi hazina kazi kutwa nzima.

Unataka ala ya nje ya watu wazima wengi, bila kisu: ng'oa nywele zinazokua. Nywele ishirini za kila mtu, kwa watu kumi, zina thamani kuliko biopsi za watu wawili. Usiandike tu neno lolote kuhusu papila.

Unataka papila dhidi ya matriksi kwenye panya, kwa kina cha ishara na vipokezi: chambua kwa rangi, linganisha kwa jozi ndani ya kila panya.

Unakuza papila za binadamu kwenye sahani na unataka kujua kama bado ni papila: soma RNA ya kundi, na uweke papila mbichi kando yake. Kazi ya Higgins na wenzake ya 2013 ilionyesha seli hizo zinapoteza tabia zake zikikuzwa bapa, na kuzikuza kwenye viduara kunarudisha sehemu tu. Bila zile mbichi hutakuwa na cha kulinganisha.

Wewe ni daktari wa ngozi, una biopsi chache mbichi za ugonjwa usioeleweka, na maabara iko jengo moja nawe: seli mojamoja, kwa watu wengi kadiri fedha zinavyoruhusu, hata kama kila mmoja atakupa seli chache. Kama maabara iko mkoa mwingine, gandisha usome viini.

Swali lako liko kwenye tabaka ngumu, au kwenye ujirani wa seli: leza kama mfuko ni mdogo na muda upo, kusoma mahali pake kama ni kinyume.

Na kama unajikuta kati ya mbili, fanya jaribio la mtu mmoja au panya mmoja kwa kila njia kabla ya kuandika ombi la fedha. Hesabu seli ulizoanza nazo na ulizomaliza nazo, aina kwa aina, uone ni zipi zilizobaki kwenye chujio.